Kamba ya Bwana Mawe

Kamba ilikatika Jumapili saa nne asubuhi, na ilipofika Alhamisi kila mtu wa Mpanda alikuwa amekwisha kujua nani aliyeikata. Wauza vitumbua wa Makanyagio walijua. Makarani wa boma walijua. Wachimbaji wa mgodi wa madini ya risasi walijua hata rangi ya mpini wa kisu. Aliyekuwa bado hajui ni mtu mmoja tu, Sajini Krispini Mwanisawa, askari kanzu, na bahati mbaya kujua ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alikuwa ameiweka kamba yenyewe mezani, vipande viwili, kila kimoja na karatasi yake ya kielelezo. Kipande kirefu kilikutwa kimeshikwa na marehemu chini ya Jiwe la Itulya. Kifupi kilikutwa juu ya jiwe, kimefungwa kwenye shina la mti. Ilikuwa kamba ya Ulaya, nene kama kidole gumba, ya kusokotwa mikunjo mitatu.

Marehemu aliitwa Lorimer, mpimaji wa mgodini. Watu walimwita Bwana Mawe kwa sababu kila Jumapili, wenzake walipokuwa wanakunywa bia barazani, yeye alipanda baiskeli akaenda kutafuta mawe ya kukwea. Si dhahabu, si risasi. Mawe tu. Alikuwa akifika kijijini anauliza wazee, "Huku kwenu kuna jiwe refu?" Wazee wakamwonyesha, naye akalikwea, akashuka, akaandika katika daftari, akashukuru na kuondoka. Mwanzoni watu walidhani ni mwizi wa ardhi. Baadaye walimwona ni mgonjwa, lakini mgonjwa mpole.

Inspekta Hollis aliingia bila kugonga, maana ofisi ilikuwa yake.

"Sajini, bado unatazama kamba?"

"Bado, Bwana."

"Kamba haitasema kitu. Tuna shahidi aliyemwona Kasubi na kisu mkononi. Tuna ugomvi wao wa nyuki, watu kumi wameusikia. Tuna ncha ya kamba, fupi, imekatika mara moja. Kamba nzima ikikatika kwa uzito inaacha nyuzi ndefu ndefu. Hata wewe unajua."

"Najua, Bwana."

"Basi. Jumamosi asubuhi anapanda treni kwenda Tabora. Mahakama Kuu inakaa wiki ijayo." Hollis akavua kofia na kujifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na kwa mshtakiwa tofauti ni ndogo. "Una siku mbili za kupanga jalada. Kupanga, si kufumua."

Kosa la kuua lina hukumu moja. Krispini alikuwa amepeleka watu watatu Tabora katika kazi yake, na hakuna aliyerudi.

Alimkuta Apolinari Kasubi mahabusu amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameikunja. Alikuwa Mkonongo wa vijiji vya njia ya Ugalla, mrina asali kama baba yake na babu yake, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, nyayo ngumu kama kwato. Ndiye aliyekuwa akimwongoza Bwana Mawe tangu mwaka uliopita.

"Nieleze tena," Krispini alisema, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Nimekwisha eleza mara nne, Sajini."

"Ya tano ni yangu peke yangu."

Apolinari akapumua. "Tulipanda kwa nyuma, kule kuna njia ya mbuzi. Tukafika juu. Bwana akafunga kamba yake kwenye mti, mwenyewe, mimi sikugusa fundo. Akataka ashuke usoni mwa jiwe polepole, aangalie pa kushika na pa kukanyaga, kusudi siku nyingine apande kutoka chini. Huwa anafanya hivyo. Akashuka. Nikasikia kamba imelia, si kwa nguvu. Halafu nikasikia yeye."

"Alisema nini?"

"Aliita jina langu."

Krispini akaliandika hilo. "Kisu?"

"Nilikuwa nachonga mti wa kuweka ukingoni, kamba isisugue jiwe. Kamba ikisugua inakufa. Nenda uutazame, mti upo, nusu umechongwa."

"Na nyuki?"

"Nyuki walihama, kweli. Aligongomea vyuma vyake vya kukwea kwenye ufa wao. Nilikasirika, nikamwambia mbele za watu kwamba vyuma vile vikibaki mimi na yeye basi. Jumapili iliyofuata akavitoa vyote. Watu waliosikia ugomvi ni wengi. Waliosikia ameomba radhi hakuna, maana aliomba kule kule porini." Akainua macho. "Kamba ile alinikabidhi mimi, Sajini. Tangu Januari inalala kwangu. Nimeitunza kuliko mali yangu yoyote. Nitaikataje?"

Krispini aliandika yote, na jioni akasoma daftari la marehemu, kwa sababu alisoma Kiingereza kwa mapadri wa Karema na Hollis hakupenda kulisoma. Mawe kumi na manne yalikuwa yameorodheshwa humo, kila moja na kimo chake. Yalikuwepo mawe makubwa kama nyumba kando ya mto, ya kukwea bila kamba, na mengine ambayo Bwana aliyachora mistari kuonyesha mahali pa mkono na mguu. Kwenye kurasa za mwisho alikuwa amepanga safari ya Kilimanjaro mwezi wa Agosti, kukwea barafu. Shoka lake la barafu lilikuwa bado linaning'inia chumbani mwake mgodini. Chini ya mpango huo aliandika kwamba Apolinari atakwenda naye, kwa kuwa haamini kwamba maji yanaweza kusimama kama ukuta na anataka kuyashika kwa mkono.

Na mahali pengine, mwezi wa Machi, aliandika: kamba nzito tena leo, umande wa nchi hii hauna huruma.

Krispini aliupita mstari huo. Baadaye alijilaumu, ingawa haingesaidia kitu.

Ijumaa alfajiri alipanda baiskeli pamoja na shahidi, Ignasi Malando, nyapara wa mgodini. Jumapili ile Ignasi alikuwa amewabebea chakula wakwezi na kuwangoja chini. Ni mtu aliyependa kueleza jambo, na kwa siku tano alikuwa amelieleza mpaka limenenepa. Walifika Itulya jua limekwisha kuwa kali. Jiwe lilisimama wima, kijivu, na katikati yake mstari mweusi wa nta ya zamani. Chini, majani yalikuwa bado yamelala.

"Simama pale pale uliposimama," Krispini alisema. "Nitakwenda juu. Utaniambia unachokiona, si unachokijua."

"Kuna tofauti?"

"Ipo, ndugu yangu. Watu wananyongwa kwa sababu ya hiyo tofauti."

Alipanda njia ya mbuzi, akihema. Juu alikuta mti wa kuweka ukingoni, nusu umechongwa, na magamba yake mapya chini. Alichungulia kwenye ufa wa nyuki, akayakuta mashimo ya vyuma manane, matupu. Basi mpaka hapo Apolinari alikuwa hajadanganya hata kwa neno. Akafunga kipande kifupi cha kamba kwenye shina, kwenye alama ile ile ya fundo iliyobaki kwenye gome, akakiteremsha.

"Unaniona?" alipaza sauti.

"Nakuona kichwa na mabega!"

"Mkono wangu una nini?"

"Sioni vizuri! Kitu kinang'aa!"

Kilikuwa bizimu ya mkanda wake, aliyoishika mkononi. "Na ncha ya kamba iko wapi?"

"Mbali na wewe! Chini sana!"

Alipoivuta na kuipima ilikuwa pima nne kamili kutoka ukingoni. Jiwe pale lilikuwa laini, halina pa kuweka hata kidole. Aliporudi chini, Ignasi alikuwa bado anatazama juu.

"Mkono wa mtu haufiki pima nne," Ignasi alisema.

"Haufiki."

"Lakini kamba ilikuwa inalala kwake. Si angeweza kuikata nusu tangu nyumbani, halafu amwache Bwana aimalizie kwa uzito wake?"

Krispini alimtazama. Ndivyo Hollis atakavyosema, neno kwa neno. Akakaa kwenye jiwe, akatoa ncha ile na kuifumua kwa kucha, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Kamba iliyokatwa nusu kwa kisu ingekuwa na mkunjo mmoja au miwili iliyonyooka na mwingine uliochanika. Hii yote mitatu ilikuwa imekatika namna moja. Na ndani, mahali macho hayafiki, nyuzi zilikuwa nyeusi. Aliponusa alisikia harufu ya shimo la viazi vilivyoharibika. Akafumua sehemu nyingine, pima moja kutoka pale. Nyeusi pia. Alizisugua nyuzi kati ya vidole, zikawa unga.

"Nyie mgodini mnayo dawa ya kula chuma," alisema.

"Tindikali? Ipo, imefungwa kwa kufuli, na Mkonongo wa porini hawezi kuijua. Tena tindikali inaunguza nje kwanza. Hii nje ni nzima." Ignasi akaishika, na sasa alikuwa mpole. "Hii imeoza, Sajini. Imeoza kutoka ndani."

"Ndiyo. Sasa twende tukaone ilikuwa inalala wapi."

Nyumba ya Apolinari ilikuwa mwendo wa nusu saa. Mkewe, Verdiana, alikuwa uani anapepeta ulezi. Alipowaona alisimama, ungo mkononi, asijue kama akaribishe au akimbie. Alikuwa mwanamke mrefu, na kwa siku tano hakuwa amelala, ilionekana.

"Hodi, mama," Krispini alisema. "Hatukuja kuchukua mtu."

"Hakuna aliyebaki wa kuchukua." Hata hivyo akawaletea vigoda.

"Kamba ya Bwana Mawe. Mzee alikuwa anaiweka wapi?"

"Sajini, kamba ile!" Uso wake ukafunguka kidogo, mara ya kwanza. "Sisi tulikuwa tunamtania kwamba ameoa mke wa pili. Njooni."

Akawapeleka nyuma ya nyumba, kivulini. Palikuwa na hori refu la kuchonga kwenye gogo, limejaa maji. Ndani yake kamba ya gome la mti wa muyombo ilikuwa imelala, imegandamizwa kwa mawe mawili ili isielee.

"Hiyo ni yake ya kurinia," Verdiana alisema. "Kamba ya gome haitakiwi ikauke. Ikikauka inavunjika kama bua la mahindi, na mtu anakufa. Mrina asali akishuka mtini au kwenye jiwe, kitu cha kwanza ni kamba, inarudi majini. Tumbo lake baadaye."

"Na ya Bwana?"

"Humo humo. Alisogeza hata yake pembeni kuipa ile nafasi. Kila Ijumaa anabadilisha maji. Jumapili anaikung'uta, anaitia kwenye mfuko wake wa turubai ingali mbichi, ili isikaukie njiani. Bwana akirudi, inarudi majini. Miezi mitano, Sajini, haikukauka hata siku moja. Kuna mtu anaweza kutunza kitu hivyo halafu akikate?"

Krispini alikuwa mtoto wa mvuvi wa Karema. Kabla hajajua kusali alikuwa amefundishwa kutandaza nyavu na kamba mchangani, jua lizikaushe mpaka zilie, kwa sababu uzi ukilala na maji unaoza kutoka ndani huku nje unacheka. Jambo ambalo kila mtoto wa ziwani analijua, huku porini lilikuwa kinyume chake kabisa, na uangalifu ule ule ndio ulioiozesha kamba ya Bwana. Bwana Mawe angeona. Lakini Bwana Mawe alidhani ni umande.

Ignasi alikuwa ameelewa pia. Alitazama pembeni, akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwepo.

"Nimesema vibaya?" Verdiana aliuliza.

"Hapana, mama. Umesema vizuri sana."

"Basi atatoka?"

"Atatoka," Krispini alisema. Moyo wake ulikuwa mzito, na hakuna mtu duniani aliyewahi kutoa habari njema kwa uso mbaya kama ule.

Alasiri ile walifunga gunia la mahindi kwenye kipande kirefu cha kamba, wakalining'iniza kwenye boriti ya stoo ya boma mbele ya Hollis. Kamba ilikatika kabla gunia halijaacha sakafu vizuri. Wakaifunga upya, ikakatika mahali pengine. Mara ya tatu Hollis aliivuta mwenyewe kwa mikono, ikaachana, akabaki ameshika vipande viwili anavitazama kama mtu aliyevunja kikombe cha mwenyeji.

"Imeoza," alisema.

"Imeoza, Bwana. Ncha ni fupi kwa sababu hiyo." Akamweleza habari ya hori.

Hollis alikaa juu ya gunia. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Watu wengi wangekasirika kwa kuharibiwa jalada, yeye alivigeuza tu vile vipande mikononi. "Mungu wangu," alisema. "Alikuwa anailoweka."

"Kila wiki."

"Hakimu atauliza ilioza vipi. Maneno ya mke hayatoshi, mke atasema lolote. Nataka maelezo ya mtu mwenyewe, kwa dole gumba, kwamba aliilaza majini na kwa nini. Ukiyapata leo, kesho treni inaondoka bila yeye."

Krispini alikuwa ameliogopa hilo tangu kule kwenye hori. Ili mtu apone, lazima aseme mwenyewe jambo ambalo hajui kwamba amelifanya.

Aliingia mahabusu na karatasi na wino. Alikaa juu ya ndoo ile ile. Alijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida.

"Kamba ya Bwana, mzee wangu. Uliitunza namna gani? Nieleze yote."

Apolinari alieleza kwa raha. Alieleza hori, mawe mawili, maji ya Ijumaa, mfuko wa turubai. Alieleza jinsi alivyochagua maji ya kisima kidogo cha juu kwa kuwa hayana chumvi. Krispini aliandika bila kuinua kichwa. Kalamu ilikwaruza.

"Bwana alikuambia uiloweke?"

"Hapana. Aliniambia niitunze. Yeye kamba alikuwa anazijua za kwao, mimi nazijua za kwetu. Kamba ni kamba." Akaitazama kalamu. "Mbona unaandika sana habari ya maji?"

"Ni utaratibu."

"Jana hukuandika hivi, na nilisema mengi zaidi." Akasogea mbele. "Sajini. Umetoka kwangu. Una udongo wa kwetu kwenye viatu. Umeona nini?"

Krispini aliweka kalamu. Angeweza kusema uongo. Alikuwa askari, uongo wa namna hiyo alikuwa ameusema mara nyingi, tena kwa faida ndogo zaidi. Lakini karatasi ile ingesomwa kwa sauti mbele ya mwenye nayo kabla ya kutia dole, ndiyo sheria, na ndani yake limo neno *kuoza*.

"Kamba za Ulaya zinataka jua," alisema. "Zikilala majini zinaoza ndani. Hukukata, mzee wangu. Hakuna aliyekata. Iliachia yenyewe."

Apolinari hakulia, wala hakupaza sauti. Alitazama viganja vyake, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Miezi mitano," alisema.

"Hukujua."

"Kila Ijumaa."

"Sheria inasema asiyejua na asiyekusudia hana kosa la kuua. Unatoka, unasikia? Kesho asubuhi unakwenda nyumbani."

"Nyumbani siendi."

Krispini akadhani hakusikia vizuri.

"Sisi warina asali wa ukoo wetu hatupandi mtu mmoja," Apolinari alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Mmoja anapanda, mmoja ni mwenye kamba. Aliyepanda akianguka, mwenye kamba harudi kwake. Anakwenda kwa mama wa marehemu, au ndugu yake wa tumbo moja. Anakaa nje, anasema, kamba ilikuwa yangu. Hali chakula cha nyumba yake, halali na mkewe, hagusi mtoto. Siku moja, au mwezi, mpaka mama atoke na maji, amnawishe mikono, amwambie nenda. Baba yangu alikaa nje ya nyumba ya watu siku kumi na tisa. Akanawishwa. Akarudi." Akainua macho. "Mama yake Bwana yuko wapi?"

"Ulaya."

"Ni mbali kuliko Tabora?"

Krispini aliinamia karatasi.

"Juzi na jana nilikuwa nakwambia sikumuua, na nilikuwa nasema kwa nguvu, maana nilijua ni kweli. Lete wino."

Akatia dole gumba. Alilikandamiza sana, karatasi ikapata doa kubwa jeusi.

Jumamosi asubuhi Krispini alimkuta Hollis anaandika barua kwa mama wa marehemu. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyo adabu, akamweleza desturi ya mwenye kamba.

"Nilikuwa nafikiri, Bwana, labda barua imtaje. Imweleze mama kwamba yupo mtu anangoja neno lake. Hata mstari mmoja tu ukija, nitamsomea, nitamnawisha mimi kwa niaba yake. Naamini atakubali."

Hollis aliweka kalamu taratibu. "Unataka nimwambie mama mzee kwamba mwanawe amekufa kwa sababu kamba yake ililowekwa kama maharage? Alale kila siku akifikiri ingeanikwa tu? Hapana, Sajini. Nimeandika kamba ilikatika, na kwamba hakuumia muda mrefu, na hakuna wa kulaumiwa. Inatosha. Hiyo ndiyo huruma niliyo nayo."

"Basi wewe, Bwana. Wewe ni mtu wa kwao. Njoo nje, chukua maji, sema neno moja."

Tumpe haki yake, Hollis alikuja. Alisimama uwanjani na birika la maji, masikio yamekuwa mekundu, mbele ya Apolinari aliyepiga magoti. Akamimina. Akasema kwa Kiswahili chake cha boma, "Hakuna mtu anakulaumu. Serikali imekuachia. Kwenda nyumbani."

Apolinari alikausha mikono kwa shati lake, polepole. "Ahsante, Bwana," alisema. "Wewe ni ndugu wa tumbo moja na yeye?"

"Mimi? Hapana. Nilimfahamu kidogo klabuni."

"Ahsante, Bwana," Apolinari alirudia kwa adabu, akainuka. Maji yale yalikuwa maji tu. Hollis alimtazama Krispini, akarudi ofisini akafunga mlango.

Treni ilipiga honi stesheni. Kwenye lango la boma Verdiana alikuwa anangoja tangu alfajiri, kitambaa kipya kichwani, na shati safi la mumewe amelikunja kwapani. Alipomwona anatoka alipiga kigelegele kimoja, watu wakageuka. Kisha akaona mumewe amesimama hatua kumi kutoka kwake na ameinua mkono kumzuia asisogee. Wakasemezana kwa Kikonongo, maneno machache. Krispini hakuyajua yote, lakini alilijua neno la kamba, na alimwona mwanamke anaelewa, kwa kuwa naye alikuwa mke wa mrina asali na binti wa mrina asali.

Apolinari akaondoka. Hakushika njia ya kwao. Alishika ile inayopita kando ya reli kuelekea kaskazini, bila shati safi, bila kitu.

"Anakwenda wapi?" Krispini aliuliza.

"Anasema atakaa karibu na Itulya, mpaka mtu wa Bwana aje." Verdiana alikuwa bado ameshika shati. "Atakuja mtu?"

Angeweza kusema labda. "Hapana, mama. Barua haikumtaja."

Mwanamke alitikisa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu mbegu na kukuta hazitoshi. Alipozungumza hakukuwa na hasira katika sauti yake, na ingekuwa nafuu kama ingekuwepo.

"Ungemwacha aende Tabora, Sajini. Wangemnyonga, ningelia, watu wangekuja kukaa matanga na mimi, halafu wangeondoka. Ningejua mimi ni mjane. Sasa mume wangu yu hai, hana kosa, na harudi. Nitawaambia nini wanawe?"

Krispini alikuwa na jalada mkononi, limekamilika, halina tundu hata moja. Verdiana alingoja kidogo kwa adabu, kisha akamwachia lile shati mikononi, akashika njia ya nyumbani peke yake.